Ulihamia au Ulizaliwa Hapa? Jeni za Vimelea vya Malaria na Asili ya Usugu wa Dawa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna elimu ya jenetiki inavyotumika kujibu swali moja kuhusu vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum katika Afrika Mashariki: usugu wa dawa unapojitokeza mahali fulani, je, umehamia kutoka kwingine au umezaliwa papo hapo? Kwa kulinganisha historia ya dawa tatu, yaani klorokwini, SP na dawa mseto zenye artemisinini, makala inaonesha kwamba jibu limebadilika kutoka dawa moja hadi nyingine. Usugu dhidi ya klorokwini ulisafiri kutoka Kusini Mashariki mwa Asia. Usugu dhidi ya SP ulikuwa na sehemu ya kigeni na sehemu ya kienyeji. Usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini umezaliwa katika ukanda wetu wenyewe. Makala inahitimisha kwamba tofauti hiyo si ya kihistoria tu, bali inabadilisha mahali panapopaswa kuelekezwa ulinzi.

1.0 Utangulizi

Msomaji aliyekulia Tanzania Bara katika miaka ya 1980 na 1990 huenda anaikumbuka klorokwini kwa mambo mawili: uchungu wake mdomoni na mwasho uliowasumbua wengi baada ya kuimeza. Mwaka 2001 dawa hiyo iliondolewa katika nafasi yake ya dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali, ikaingia SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. SP nayo haikudumu. Mwaka 2006 nafasi hiyo ilichukuliwa na dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, yaani ALu. Kenya ilipita njia hiyohiyo: iliiacha klorokwini mwaka 1998 na kutangaza sera ya dawa mseto mwaka 2004.

Nyuma ya mabadiliko hayo ya miongozo ya tiba kulikuwa na vifo. Utafiti uliofanyika katika maeneo matatu ya vijijini nchini Senegal kati ya mwaka 1984 na 1995 ulionesha kwamba, baada ya usugu dhidi ya klorokwini kuingia, hatari ya mtoto kufa kwa malaria iliongezeka mara mbili katika eneo moja na zaidi ya mara tano katika eneo jingine. Wazazi waliendelea kuwapa watoto dawa ileile, kwa kipimo kilekile, lakini dawa haikuwa tena dawa. Kwa hiyo, usugu si suala la maabara pekee. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika walio chini ya umri wa miaka mitano, na tegemeo kuu la tiba ni dawa mseto zenye artemisinini.

Katika zama za klorokwini, habari za usugu zilifika hasa kwa njia moja: mgonjwa alimaliza dozi na homa ikarudi. Leo kuna njia ya pili, nayo ni kusoma jeni za kimelea chenyewe. Njia hii inaweza kueleza kwamba kimelea kina usugu, na pia kueleza usugu huo ulitoka wapi. Makala hii inajikita katika uwezo huo wa pili, kwa sababu ndio unaozungumzwa kwa nadra katika maandishi ya Kiswahili, ilhali matokeo yake yanatugusa moja kwa moja.

2.0 Kimelea na Urithi Wake

Kimelea cha malaria ni kiumbe chenye seli moja. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anapomuuma mtu, humwingizia vimelea vilivyokuwa katika tezi zake za mate. Vimelea hivyo huelekea kwenye ini, huzaliana humo kwa takribani juma moja, kisha hutoka na kuvamia seli nyekundu za damu. Ndani ya seli hizo, kila baada ya saa 48 hivi, kimelea kimoja huzaa vingine vingi, seli hupasuka, na vimelea vipya huvamia seli nyingine. Homa na kutetemeka kwa mgonjwa hutokana na kupasuka huko. Baadhi ya vimelea hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, navyo husubiri kunyonywa na mbu mwingine. Ni ndani ya tumbo la mbu, wala si ndani ya mwili wa binadamu, ambamo dume na jike hukutana na urithi wao kuchanganywa.

Urithi huo umeandikwa katika DNA. Mwaka 2002 wanasayansi walichapisha jenomu nzima ya P. falciparum, yaani jumla ya maelekezo yote ya urithi wake. Ilibainika kwamba jenomu hiyo ina herufi za kikemia zipatazo milioni 23, zilizopangwa katika kromosomu 14, na jeni zipatazo 5,300. Kila jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini fulani, na protini ndizo zinazofanya kazi za mwili wa kimelea: kula, kujenga, kusafirisha na kujificha.

Kimelea kinapogawanyika, hunakili herufi hizo zote. Katika kunakili, makosa machache hutokea. Kwa kuwa mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mabilioni ya vimelea katika damu yake, makosa ya aina nyingi hutokea ndani ya mtu mmoja. Mengi hayana athari yoyote, na mengine humdhuru kimelea mwenyewe. Mara chache sana, kosa moja hubadilisha protini kwa namna inayokiwezesha kimelea kustahimili dawa. Kukiwa hakuna dawa, kosa hilo halina faida. Dawa ikiwapo, vimelea vingine hufa na hicho kimoja hubaki, huzaliana, na kurithisha kosa lake.

Hapa pana jambo linalopotoshwa mara nyingi katika mazungumzo ya kila siku. Husemwa kwamba “mwili umeizoea dawa”. Usugu unaojadiliwa hapa si tabia ya mwili wa mgonjwa, bali ni tabia ya kimelea. Mtu ambaye hajawahi kumeza dawa yoyote ya malaria anaweza kuumwa na mbu mwenye kimelea sugu, na dawa ikashindwa kumtibu tangu siku ya kwanza. Vilevile, dawa haikifundishi kimelea ukaidi. Dawa huchagua kilicho kaidi kati ya vilivyopo.

3.0 Kutoka Tone la Damu hadi Nasaba

Sampuli ya uchunguzi wa aina hii ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Tone la damu kutoka kwenye kidole cha mgonjwa, lilelile linalotosha kwa kipimo cha haraka cha malaria, hudondoshwa juu ya karatasi ya chujio, huachwa likauke, kisha karatasi hutiwa katika mfuko wa plastiki pamoja na kikausha unyevu. Karatasi hiyo haihitaji jokofu ili isafiri kutoka zahanati ya kijijini hadi maabara. Huko DNA hutolewa, sehemu ya jeni inayotafutwa hurudufiwa mamilioni ya mara kwa mbinu ijulikanayo kwa kifupi cha PCR, na mashine husoma herufi zake moja baada ya nyingine.

Kusoma herufi za jeni moja kunatosha kujua kama kimelea kina badiliko la usugu. Lakini kujua badiliko hilo lilitoka wapi kunahitaji hatua ya ziada, na hatua hiyo inafanana na kazi ya mtafiti wa miswada. Tuchukulie kwamba mtafiti analinganisha nakala mbili za utenzi mmoja ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, nakala moja ikiwa imepatikana Lamu na nyingine Pemba. Akikuta neno moja limekosewa mahali palepale katika nakala zote mbili, bado anaweza kudhani kwamba wanakili wawili walikosea sawa kwa bahati, hasa kama kosa lenyewe ni jepesi. Lakini akikuta kwamba kabla na baada ya neno hilo kuna makosa mengine madogo kumi, yote yakifanana, hawezi tena kuitegemea bahati. Atahitimisha kwamba nakala hizo mbili zilitokana na nakala mama moja. Kinyume chake, kama neno moja tu ndilo linalofanana na maneno jirani yote yanatofautiana, atakubali kwamba wanakili walikosea kila mmoja kwa wakati wake.

Ndivyo jenetiki inavyofanya. Pembeni mwa jeni ya usugu, katika kromosomu ileile, kuna sehemu ambazo hazina kazi yoyote katika usugu lakini hutofautiana kati ya kimelea na kimelea. Katika makala hii tutaziita alama jirani. Vimelea viwili vyenye badiliko lilelile la usugu na alama jirani zilezile vina babu mmoja, hata kama vimepatikana umbali wa maelfu ya kilometa. Vimelea viwili vyenye badiliko lilelile lakini alama jirani tofauti ni dalili kwamba badiliko hilo limezaliwa zaidi ya mara moja. Ikumbukwe pia kwamba kila mara urithi unapochanganywa ndani ya mbu, kipande cha kromosomu kinachobaki bila kukatwa huwa kifupi zaidi. Kwa hiyo, kipande kirefu kinachofanana huashiria undugu wa karibuni, na kifupi huashiria undugu wa zamani.

4.0 Klorokwini: Usugu Uliosafiri

Kimelea kinapokuwa ndani ya seli nyekundu, hula hemoglobini. Mlo huo huacha taka yenye sumu, ambayo kimelea huigeuza kuwa fuwele isiyo na madhara. Klorokwini huzuia ugeuzaji huo, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake. Mwaka 2000 ilibainishwa kwamba usugu dhidi ya dawa hii hutokana hasa na jeni iitwayo pfcrt, iliyo katika kromosomu ya 7. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa kwenye ukuta wa kijifuko cha kumeng’enyea chakula. Kiungo cha 76 cha protini hiyo, ambacho kwa kawaida ni asidi amino iitwayo lisini, kinapobadilika na kuwa threonini, sambamba na mabadiliko mengine yanayoandamana nacho, protini hupata uwezo wa kuitoa klorokwini nje ya kijifuko. Dawa huingia, lakini haikai mahali inapopaswa kufanya kazi.

Usugu huu ulionekana kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mpaka wa Thailand na Kambodia na pia Amerika ya Kusini. Barani Afrika ulithibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, nao ulianzia Afrika Mashariki, nchini Kenya na Tanzania. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huenda matumizi makubwa ya dawa hapa kwetu ndiyo yaliyouzaa. Mwaka 2002 ulinganishaji wa alama jirani za pfcrt ulitoa jibu tofauti. Vimelea sugu vya Afrika vilikuwa na alama jirani zilezile za vimelea sugu vya Kusini Mashariki mwa Asia. Duniani kote yalipatikana machimbuko machache tu ya usugu huo, na lililoenea Afrika lilikuwa la Asia. Badiliko hili linahitaji hatua kadhaa kukamilika, hivyo huzaliwa kwa nadra. Likishazaliwa, husafiri pamoja na binadamu.

5.0 SP: Nusu ya Kigeni, Nusu ya Kienyeji

SP ni muungano wa dawa mbili, sulfadoksini na pirimethamini. Zote huzuia kimelea kutengeneza foleti, kirutubisho kinachohitajika katika kunakili DNA, lakini kila moja hufunga mlango wake. Pirimethamini hulenga protini ya jeni dhfr iliyo katika kromosomu ya 4, na sulfadoksini hulenga protini ya jeni dhps iliyo katika kromosomu ya 8. Usugu hujengeka hatua kwa hatua: mabadiliko katika viungo vya 51, 59 na 108 vya dhfr, kisha katika viungo vya 437 na 540 vya dhps. Kimelea chenye mabadiliko yote matano huistahimili SP kwa kiwango kikubwa.

Mwaka 2003 Cally Roper na wenzake walilinganisha vimelea kutoka KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na vingine kutoka Kilimanjaro, Tanzania. Ingawa maeneo hayo yametenganishwa na kilometa zipatazo 4,000, vimelea vyenye mabadiliko matatu ya dhfr vilikuwa na alama jirani zinazofanana. Mwaka uliofuata ulinganishaji na vimelea vya Asia ulionesha kwamba nasaba hiyo ilitoka Kusini Mashariki mwa Asia. Kwa hiyo dhfr sugu ilipita njia iliyokwisha kupitwa na pfcrt.

Hata hivyo, dhps ilikuwa na historia nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha sampuli kutoka nchi nyingi za Afrika, ulionesha kwamba mabadiliko ya jeni hii yalikuwa na machimbuko kadhaa ndani ya Afrika yenyewe, kila moja likienea katika ukanda wake. Kwa maneno mengine, kimelea sugu kwa SP kilichomshinda mgonjwa wa Korogwe au Kisumu kilikuwa na jeni moja yenye asili ya mbali na nyingine yenye asili ya karibu, zilizokutanishwa na kuchanganywa urithi ndani ya mbu. Jambo hili lingali na umuhimu, kwa kuwa SP bado hutolewa kliniki kwa wajawazito ili kuwakinga wao na watoto walio tumboni.

6.0 Artemisinini: Usugu Uliozaliwa Nyumbani

Artemisinini ilitolewa katika mmea wa pakanga na wanasayansi wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Huua vimelea kwa kasi kubwa, lakini hukaa katika damu kwa saa chache tu. Ndiyo maana huunganishwa na dawa mwenza inayokaa muda mrefu, kama lumefantrini, ili imalizie vimelea vilivyobaki.

Mwaka 2008 na 2009 taarifa kutoka magharibi mwa Kambodia zilionesha kwamba vimelea vya baadhi ya wagonjwa vilichelewa kutoweka katika damu baada ya dawa. Jeni husika haikujulikana. Ilipopatikana, ilipatikana kwa msaada wa kimelea chenye asili ya Tanzania. Watafiti walichukua kimelea kilichotunzwa maabara kwa jina la F32-Tanzania, wakakikuza kwa miaka mitano huku wakikitia artemisinini kwa kipimo kilichoongezwa kidogo kidogo, na pembeni wakakuza ndugu yake bila dawa. Mwishoni walisoma jenomu za ndugu hao wawili na kuzilinganisha. Tofauti moja iliwaelekeza kwenye jeni ya kromosomu ya 13 iitwayo kelch13. Walipowachunguza wagonjwa wa Kambodia, walikuta mabadiliko katika jeni hiyohiyo. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2014 na Frédéric Ariey na wenzake, yaliupa ulimwengu alama ya kufuatilia.

Namna usugu huu unavyofanya kazi ni tofauti na ule wa klorokwini. Artemisinini huamshwa na mabaki ya hemoglobini ambayo kimelea kimeimeng’enya. Kimelea chenye kelch13 iliyobadilika hupunguza ulaji wa hemoglobini katika saa za mwanzo za maisha yake ndani ya seli nyekundu, hivyo dawa haiamshwi ipasavyo, nacho huivizia ipite. Kwa kuwa dawa hupita upesi, uvumilivu wa saa chache unatosha. Usugu huu huitwa wa sehemu, kwa sababu vimelea huchelewa kufa, lakini mgonjwa bado hupona ikiwa dawa mwenza ina nguvu.

Kwa kuzingatia historia ya klorokwini na dhfr, wataalamu wengi waliogopa kwamba usugu huu ungefika Afrika kutoka Asia kama yale yaliyotangulia. Macho yalielekezwa huko. Mwaka 2020 Aline Uwimana na wenzake walitangaza kwamba badiliko la kelch13 liitwalo R561H, yaani badiliko katika kiungo cha 561, lilikuwa limeonekana nchini Rwanda katika sampuli za katikati ya muongo wa 2010. Kati ya wagonjwa 257 wa Masaka, jirani na Kigali, 19 walikuwa na vimelea vya aina hiyo. Badiliko hilohilo lilikwisha kujulikana Kusini Mashariki mwa Asia, hivyo kwa kutazama kiungo hicho pekee mtu angeweza kusema kwamba limeingia kwa ndege. Alama jirani zilikataa. Zilikuwa za vimelea vya Rwanda, wala hazikuwa za Asia. Kosa la mnakili lilikuwa moja, lakini nakala mama zilikuwa mbili.

Mwaka 2021 ilifuata taarifa kutoka kaskazini mwa Uganda, ambako vimelea vyenye mabadiliko mengine, A675V na C469Y, vilichelewa kutoweka hata kwa wagonjwa waliotibiwa kwa sindano ya atesuneti. Navyo vilikuwa na asili ya hapohapo. Katika Pembe ya Afrika, hasa Eritrea, likaonekana badiliko jingine, R622I. Nchini Tanzania, R561H ilipatikana katika mkoa wa Kagera, unaopakana na Rwanda na Uganda, na mwaka 2024 ulichapishwa ushahidi wa vimelea kuchelewa kutoweka kwa wagonjwa wa wilaya ya Karagwe. Huko Kagera baadhi ya vimelea vina undugu na vile vya Rwanda, na zipo dalili kwamba badiliko hilo limezaliwa zaidi ya mara moja ndani ya ukanda huu. Kwa hiyo, mpaka mmoja unaonesha mambo yote mawili: usugu unaovuka mto na usugu unaozaliwa.

7.0 Jibu Linabadilisha Nini?

Msomaji anaweza kuuliza: kwa mgonjwa aliyelala kitandani, kuna tofauti gani kama kimelea chake kina babu wa Asia au wa Karagwe? Kwa mgonjwa huyo mmoja, pengine hakuna. Kwa wale watakaougua baada yake, tofauti ni kubwa.

Kwanza, usugu unaosafiri unaweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kuushambulia kwenye chimbuko lake. Juhudi kubwa zilizowekezwa katika nchi za Bonde la Mto Mekong zilikuwa na mantiki hiyo. Lakini usugu unaozaliwa mara nyingi na mahali pengi hauna lango moja la kufungwa. Unazaliwa popote ambapo dawa moja inatumika kwa wingi mno, kwa muda mrefu, mara nyingine kwa dozi zisizokamilika au dawa zisizo na ubora. Ulinzi wake unaanzia katika matumizi ya dawa ndani ya jamii: kupima kabla ya kutibu, kumaliza dozi, kudhibiti dawa hafifu katika maduka, na kutoitegemea dawa mseto ya aina moja nchi nzima kwa miaka mingi. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu usugu barani Afrika unaelekea upande huo.

Pili, jeni zinaonesha kwamba usugu unaweza kurudi nyuma. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, ikiwa nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Huko Blantyre vimelea vyenye badiliko la kiungo cha 76 vilikuwa asilimia 85 mwaka 1992. Kufikia mwaka 2000 vilishuka hadi asilimia 13. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionesha kwamba klorokwini iliwaponya asilimia 99 ya watoto walioshiriki. Alama jirani zilieleza jinsi ilivyowezekana. Vimelea vilivyorudi havikuwa vizao vya vimelea sugu vilivyojirekebisha, bali vilikuwa vya nasaba nyingi tofauti, yaani vimelea vya kawaida vilivyosalia na kuongezeka tena baada ya dawa kuondolewa. Usugu una gharama kwa kimelea, na gharama hiyo huonekana dawa inapokoma.

Tatu, swali la “ulihamia au ulizaliwa hapa” linatumika pia kwa maambukizi yenyewe. Zanzibar imefanikiwa kushusha kiwango cha malaria hadi chini ya asilimia moja ya watu wanaopimwa katika jamii. Swali lililobaki ni kama wagonjwa wachache waliopo wameambukizwa visiwani au wametoka na vimelea Bara. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba vimelea vya Zanzibar na vya pwani ya Tanzania Bara vina undugu wa karibu. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba msafiri alaumiwe. Yanamaanisha kwamba kazi ya kutokomeza malaria Unguja na Pemba haiwezi kukamilika bila kuipunguza Tanga, Pwani na Dar es Salaam.

8.0 Mipaka ya Mbinu Hii

Ni muhimu kueleza kile ambacho jeni haziwezi kusema. Badiliko la kelch13 peke yake si hukumu kwamba dawa imeshindwa. Kupona kwa mgonjwa hutegemea pia dawa mwenza, kinga aliyoijenga mwilini kutokana na maambukizi ya awali, na kipimo cha dawa alichokipata. Katika utafiti uleule wa Rwanda wa mwaka 2020, dawa mseto ilikuwa bado inaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Kwa sababu hiyo, ufuatiliaji wa jeni hauchukui nafasi ya majaribio ya tiba yanayowafuata wagonjwa kwa siku 28 au zaidi, bali huyatangulia na kuyaelekeza.

Aidha, katika maeneo yenye malaria nyingi mgonjwa mmoja anaweza kubeba aina kadhaa za vimelea kwa pamoja, na kutenganisha nasaba zao ni kazi ngumu. Pia ramani ya jeni inategemea mahali sampuli zilikochukuliwa. Eneo lisilo na alama ya usugu kwenye ramani huenda ni eneo ambalo hakuna aliyekwenda na karatasi ya chujio.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba jeni za vimelea vya malaria hubeba taarifa za aina mbili: uwezo wa kimelea kustahimili dawa, na nasaba ya uwezo huo. Historia ya dawa tatu inatuonya dhidi ya kutegemea funzo la jana. Klorokwini ilitufundisha kwamba usugu hutoka mbali. SP ilionesha kwamba funzo hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Artemisinini imeonesha kwamba, wakati macho yetu yalipokuwa yameelekezwa Mekong, badiliko lilikuwa likizaliwa katika nyumba za jirani zetu na zetu.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba uchukuaji wa sampuli za damu kwenye karatasi ya chujio uwe sehemu ya kawaida ya huduma katika vituo vya mipakani, na kwamba nchi za ukanda huu zilinganishe matokeo yao mapema, kwa kuwa nasaba ya kimelea haiwezi kusomwa kwa nakala ya nchi moja. Inapendekezwa pia kwamba matokeo hayo yaandikwe kwa lugha inayoeleweka na mhudumu wa zahanati na mzazi anayepokea dozi. ALu bado inatibu. Ikiwa siku itafika ambapo haitibu, habari hiyo inapaswa kutufikia kwanza kutoka kwenye tone la damu lililokauka, kabla ya kutufikia kutoka kwa mtoto ambaye homa yake imerudi.